Mgonjwa wa Machi: Kumuaga Sista Milka Cherotich

Tarehe 30 Juni 2018, Sista Milka Cherotich anastaafu baada ya miaka kumi na mitano katika vyumba vya upasuaji wa ubongo vya hospitali yetu hapa Doha. Kamati ya sherehe ilimuuliza angependa nani aandike wasifu wake. Alijibu kwamba Kwamboka ana mdomo, basi kwa mara moja utumike kwa kazi ya maana. Nimeipokea heshima hiyo jinsi ilivyotolewa.

Sista Milka alizaliwa Bomet, akasomea uuguzi Nairobi na kufanya kazi katika hospitali za serikali za Kericho na Eldoret kabla ya kupata nafasi huku Ghuba. Ni mke wa Mwalimu Jeremiah, aliyefundisha hisabati shule za sekondari mpaka alipostaafu, na mama wa watoto watatu ambao aliwalea nusu kwa mikono na nusu kwa simu. Huwa hapendi kuzungumzia hiyo nusu ya pili. Nami sitaizungumzia, ila wenzake wote tuliolea hivyo tunaijua.

Tulikuja ndege moja, Agosti 2003. Uwanjani Nairobi alikuwa amevaa sweta zito la sufu, na sisi wengine tukamcheka kimyakimya, kwa sababu kila mtu alikuwa ametuambia tunakwenda kwenye tanuri. Tulipotua, joto lilitupiga usoni hata tukasahau kucheka. Yeye akavua sweta, akalikunja, akalitia mkobani. Siku iliyofuata tuliingizwa chumba cha upasuaji, mahali penye baridi ya friji ya nyama, na wale wenye blauzi nyepesi tukaanza kutetemeka kama vifaranga. Sista Milka alitoa sweta lake na kusema hakuajiriwa kujenga barabara juani. Tangu siku ile sikumcheka tena mpaka niwe nimeelewa kwanza anafanya nini.

Kwa ndugu msomaji ambaye hajawahi kuingia chumba kile, na Mungu amwepushie, naomba nieleze kidogo kazi yenyewe. Ubongo una mishipa ya damu mingi na myembamba sana, na daktari anapoondoa uvimbe, mishipa hiyo huvuja. Huwezi kuifunga kwa uzi kama mguu wa kuku. Kwa hiyo daktari hutumia kibano chembamba cha umeme tunachokiita baipola. Ncha zake mbili zikiushika mshipa, umeme hupita katikati, mshipa unapata joto, unasinyaa na kuziba. Bila baipola, wengi waliopona hapa kwetu wasingepona.

Shida ni kwamba joto halina adabu. Halikai pale lilipoitwa. Linatoka kwenye ncha na kutembea pembeni, kwenye ubongo wenye afya usio na kosa lolote, au kwenye neva ya jicho au ya uso iliyopita jirani. Damu inakoma, kila mtu anashusha pumzi, kisha mgonjwa anaamka mdomo umekwenda upande au mkono hauinuki. Ndiyo maana kando ya daktari husimama muuguzi anayedondosha maji ya chumvi juu ya zile ncha, tone kwa tone, wakati umeme unapita, na kuzifuta kwa shashi iliyolowa kila zinapotoka. Zikiwa chafu zinaganda kwenye mshipa, na ukizivuta unauchana tena. Maji yakiwa mengi daktari haoni kitu, yakiwa machache ubongo unaungua. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Sista Milka, na ndiyo aliyotufundisha sisi sote.

Alitufundisha kwa maini. Wauguzi wapya waliokuja miaka ile, wawe wa Manila, Kerala au Kisii, walialikwa Ijumaa baada ya ibada nyumbani kwake Al Rayyan, kwenye jumba tulimokuwa tukiishi Wakenya na Waganda kadhaa. Pale jikoni alikuwa akiweka kipande cha maini ya ng'ombe kwenye sahani, anapasha kisu motoni, kisha anakigusisha. Mahali pa kisu panageuka kijivu. Halafu anakipasua kipande kile katikati na kuwaonyesha ule ukijivu ulivyoingia ndani na kwenda pembeni, mbali na mahali kisu kilipogusa. Anarudia kwa mguso mfupi huku akidondosha maji, anapasua, anaonyesha tena. Baada ya hapo anayakata maini yote, anayakaanga na vitunguu, na somo linaliwa na ugali. Wapo waliokataa kuyala, na nawaheshimu, lakini hakuna aliyesahau alichoona.

Kazini hakuwa mtu wa kubembeleza. Mara ya kwanza nilipodondosha yale maji mwenyewe, yakapita kando ya ncha, aliniambia kwa sauti ya chini nyuma ya barakoa, "Wee Kwamboka, maji yako yanaenda Saudia." Kwa sababu yake, chumba chetu cha pili cha upasuaji kilikuwa chumba pekee Doha ambamo Mjordani, Mfilipino na Mhindi wote walisema "maji" kama watu wa Nakuru. Chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki inayopendwa sana mji huu, aliidharau waziwazi, akisema ni uji uliokosea njia. Majani yake mwenyewe yalitoka Kericho, na aliyejaribu kuyagusa bila ruhusa alijuta.

Jambo kubwa zaidi alilotuachia lilianza mwaka 2007. Kijana mmoja mshonaji aliamka baada ya upasuaji akiwa hawezi kufunga jicho moja, na sisi tukaambiana kwamba ni ule uvimbe, kama tulivyokuwa tukiambiana siku zote. Huenda ilikuwa kweli. Sista Milka aliuliza kwenye kikao cha idara mashine ilikuwa imewekwa nguvu kiasi gani, kibano kilikaa mahali pamoja kwa muda gani, na maji yalifika au hayakufika. Aliyemjibu ni Dokta Haitham, daktari wa upasuaji kutoka Amman aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga nasi. Alisema maswali hayo ni ya haki na kwamba yeye, aliyempasua kijana yule, ndiye aliyepaswa kuyauliza kwanza, kisha akayajibu moja baada ya jingine, jasho likimtoka.

Tangu hapo, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mgonjwa yeyote aliyeamka na udhaifu mpya alizungumziwa kwa maswali hayohayo matatu. Hakuna aliyefokewa wala kufukuzwa. Dokta Haitham na Sista Milka walikilinda kikao kile pamoja. Walikuwa marafiki wa ajabu, yule mrefu na mpole, huyu mfupi na mkali, wakigombana juu ya chai na kuelewana juu ya kila kitu kingine.

Sasa nafika mahali ambapo mwenyewe ameniruhusu nifike. Nilimuuliza mara mbili.

Mwanzoni mwa mwaka 2014, tukiwa mkahawani, mkono wake wa kulia ulianza kurukaruka wenyewe juu ya meza. Kikombe kilianguka. Aliutazama mkono ule kama mtoto wa jirani aliyekosa adabu, kisha akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba anadhani ana uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Picha zilionyesha hivyohivyo. Haukuwa saratani, lakini ulikuwa umekaa juu kidogo ya sehemu ya ubongo inayouongoza mkono wa kulia na kupokea habari za vidole vyake.

Mwalimu Jeremiah alitaka arudi nyumbani. Wengine walimshauri aende India. Yeye alisema atapasuliwa na Dokta Haitham, katika chumba cha pili, na kwamba Kwamboka ndiye atakayedondosha maji. Nilimwomba achague mtu mwingine. Sikuona haya kumwambia kwamba naogopa. Alinijibu kwamba hata yeye anaogopa, kwa hiyo tuko wawili, na tukaacha hapo.

Asubuhi ya upasuaji, mwezi Machi, aliingizwa akiwa amelala kitandani, akawasalimia wote kwa majina, akauliza ni nani aliyeacha glavu sakafuni, kisha daktari wa usingizi akamlaza usingizi. Tulifanya kazi yetu. Uvimbe ulitoka vizuri, ila chini kabisa, ulipokuwa umegandana na ubongo, mshipa mmoja ulivuja na ukakataa kunyamaza. Dokta Haitham aliushika kwa baipola, akauachia, akaushika tena. Nilidondosha maji. Hatimaye damu ilikoma.

Alipoamka alizungumza bila shida, na jambo la kwanza aliloomba lilikuwa chai yake. Lakini mkono wa kulia ulibaki umelala juu ya shuka.

Kwa miezi kadhaa alifanya mazoezi kila siku. Nguvu ilirudi, si yote, lakini ya kutosha kubeba sufuria na kufunga vifungo vya nguo. Ambacho hakikurudi ni hisia. Vidole vyake vya kulia havikujua tena kama vimeshika sindano au vimeshika hewa. Muuguzi wa upasuaji asiyehisi vidole vyake hawezi kusimama mezani, na hakuhitaji kuambiwa. Alihamia idara ya mafunzo, na ndiko alikomalizia utumishi wake.

Alirudi kazini mwezi Septemba, na Jumatano ya kwanza akaja kikaoni, mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Hapo ndipo sisi sote tulipokosea, na tulikosea kwa adabu zetu nzuri. Mgonjwa wa Machi hakuwa amezungumziwa hata mara moja. Hakuna aliyekatazwa kumtaja. Ila kwa Wakenya ni utovu wa heshima kukijadili kichwa cha mama wa watu kama kifaa kilichoharibika, kwa Waarabu vilevile, na Wafilipino wanaomwita mkubwa wao "Ate", yaani dada mkubwa, waliona haya kuliko sisi. Kila mmoja alisubiri mwingine aanze. Miezi ikapita, na katika jambo hili peke yake watu wa mataifa matano tulielewana kabisa.

Jumatano ile aliwasikiliza wenzake wakiwataja wagonjwa. Kikao kilipotaka kufungwa akauliza, "Mgonjwa wa Machi yuko wapi?"

Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba wagonjwa wote wameshazungumziwa.

"Bado mimi," akasema.

Dokta Haitham alimwambia kwamba waliona si vizuri, kwa heshima yake. Na hapo, kwa mara ya pekee katika miaka yote niliyomfahamu, Sista Milka alipaza sauti kazini. Aliuliza kama yule kijana mshonaji hakustahili heshima. Aliuliza kama wale wengine wote, madereva, wapishi na wajenzi wa mji huu, tuliwazungumzia kwa sababu wao hawakuwa wa kuheshimiwa. Kisha akauliza maswali yake matatu, akiwa amekaa, akitutazama.

Nguvu ya mashine ilikuwa ile ya kawaida. Kuhusu maji, nilisema ukweli nilioujua: niliyadondosha muda wote, lakini mahali pale palikuwa pa kina na damu ilifunika ncha, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila tone lilifika. Halafu Dokta Haitham akasema lake. Alisema aliogopa kumpoteza, na kwa sababu ya hofu hiyo alikishikilia kibano pale muda mrefu kuliko ambavyo angekishikilia kwa mgonjwa asiyemjua. Huenda joto ndilo lililoharibu. Huenda ni uvimbe ulivyokuwa umegandana, au kuvimba kwa ubongo baada ya upasuaji wenyewe. Alisema hajui, na hatajua.

Sista Milka alishukuru. Akauliza tutafanya nini kwa mgonjwa anayekuja. Jioni ile ile kukawekwa utaratibu mpya, ambao wasomaji wanaofanya kazi nasi wanaujua: vibano viwili kwa kila upasuaji, kimoja kikifanya kazi na kingine kikipoa kwenye bakuli la maji, miguso mifupi, na muuguzi asipoziona ncha, anasema, na daktari anainua mkono. Hata kama damu inatoka, anainua, anaoshewa, anaona, ndipo anarudi.

Msidhani alikuwa malaika. Aliupata ukweli alioudai na ukamuuma. Kwa majuma mengi hakuzungumza na Dokta Haitham isipokuwa ya kazi, na mimi alinisalimia kama jirani wa ghorofa nyingine. Alikunywa chai peke yake. Dokta Haitham alimtumia salamu kupitia kwangu, nami nikazirudisha kama barua isiyofunguliwa. Niliwahi kumkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo akijaribu kufunga saa yake kwa ule mkono usiohisi, akilia kwa hasira. Nikaifunga. Hakusema asante, nami sikuingoja. Nilifikiri nimempoteza rafiki, na nilifikiri kwamba labda sisi wengine tulikuwa sahihi, kwamba kuna mambo ambayo heri yasiulizwe.

Mwaka uliofuata akaja Philip. Alikuwa dereva wa mabasi ya kampuni, yale yanayowatoa wafanyakazi kwenye mabweni yao ya Industrial Area asubuhi na kuwarudisha jioni, mtu wa Busia, mcheshi, mwenye mke na watoto wadogo waliokuwa wakiutegemea mkono wake kwenye usukani. Uvimbe wake ulikuwa upande uleule na karibu mahali palepale.

Nilikuwa mezani siku hiyo. Chini, palepale, mshipa ulivuja. Damu ikafunika. Nikasema sioni ncha. Dokta Haitham akainua mkono, na damu ikawa inatoka, na hiyo ndiyo subira ngumu kuliko zote ninazozijua. Tukaosha. Tukabadilisha kibano. Mguso mfupi, maji, mguso mfupi, maji. Ikakoma.

Kesho yake Sista Milka alikuja wodini. Hakuwa na kazi huko. Alisimama karibu na kitanda cha Philip, akajitambulisha, akaomba ampime mkono. Tulivyofundishwa, muuguzi humpa mgonjwa mkono wake wa kushoto ashikwe na wa kulia wa mgonjwa, wameelekeana. Yeye akatoa mkono wa kulia, kama anayesalimia, akauweka ndani ya mkono wa kulia wa Philip.

"Nibane," akamwambia.

Philip akambana. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda nikimtazama usoni, na uso ule haukubadilika. Hakuhisi chochote. Akasema tena, "Bana kabisa," na Philip akacheka, "Sista, nimebana hadi naogopa. Hii mkono naeza endesha nayo basi saa hii."

Basi Sista Milka akainamisha kichwa, akatazama mkono wake. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa pamoja, vimepandana, kama vimefungwa kamba. Aliendelea kuvitazama kwa muda, mpaka akaamini.

"Yuko sawa," akasema. Kisha akaenda mwenyewe ofisini kwa Dokta Haitham kumwambia, na nilisikia kwa masikio yangu daktari akimgombeza kwa kumletea chai isiyo na sukari.

Kwa niaba ya vyumba vya upasuaji, wodi, idara ya mafunzo, na wagonjwa ambao hawatawahi kujua jina lako, tunakushukuru, Sista Milka. Mwalimu Jeremiah amekungoja vya kutosha, na wajukuu wa Bomet wamekujua kwa simu muda mrefu mno. Nenda ukakae nao kwa amani na afya, ulale mpaka jua litoke, unywe chai yako bila kuangalia saa. Na watoto wale wakikushika ule mkono wa kulia kukuvuta wakuonyeshe kitu, usiwe na wasiwasi kwamba huwahisi. Tazama chini. Watakuwa wamekushika.